Kijiko, Ukanda wa Mpira na Nishati Inayopotea

Mwanafunzi akikamatwa na manati mfukoni, mambo mawili hufuata: huadhibiwa, na manati yake hutiwa katika saraka ya meza ya mwalimu wa zamu. Zipo shule ambazo saraka hizo zimejaa panda za mpera na mipira iliyokatwa katika tyubu za baiskeli. Adhabu hiyo ina sababu nzuri, na sababu yenyewe itaelezwa baadaye kwa hesabu. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba, katika chumba cha pili, mwalimu wa fizikia huwa anaandika ubaoni kanuni ya mwendo wa kitu kilichorushwa mbele ya wanafunzi ambao hawajawahi kupima umbali hata wa donge moja la karatasi. Kanuni hukaririwa, mtihani hufanywa, kisha kanuni husahauliwa. Vifaa vya kuipima vimo jikoni na katika saraka ile ile.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuunda mtambo mdogo wa kurushia kwa kijiko, vipande vya ubao na ukanda wa mpira, na jinsi ya kuuhoji mtambo huo kama mtafiti anavyokihoji kitu asichokijua. Kuuunda si kazi kubwa. Alasiri moja yatosha. Kazi kubwa ni kuyakubali majibu yake.

Manati, teo na mitambo ya vita

Kwanza yafaa kutenganisha vitu vitatu ambavyo mara nyingi huchanganywa. Teo, au kombeo, ni kamba yenye kikoba katikati. Mrushaji huizungusha kisha akauachia upande mmoja. Chombo hiki ni cha kale mno, na hakitumii mpira hata kidogo. Manati, ambayo sehemu nyingine huitwa panda kwa sababu ya umbo la kijiti chake, hutegemea mpira unaovutika na kurudi, na kwa hiyo haiwezi kuwa ya kale. Utomvu wa mpira ukiachwa bila kutengenezwa huwa laini na wa kunata wakati wa joto, na mgumu wakati wa baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto hupoteza ubaya huo, ukabaki mnyumbufu katika hali zote za kawaida. Manati ya mtoto wa kijijini ni mjukuu wa ugunduzi huo.

Cha tatu ni mtambo wa vita wenye mkono. Mwaka 399 kabla ya Kristo, Dionysius wa Kwanza, mtawala wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, aliwakusanya mafundi kutoka nchi mbalimbali ili wamtengenezee silaha, na waandishi wa kale wanasema kwamba mitambo ya kurushia ilianzia hapo. Mitambo iliyofuata iliweka nishati yake katika vifungu vya kano za wanyama na nywele vilivyosokotwa kwa nguvu. Baadaye sana, katika karne ya 12, Mardi al-Tarsusi alimwandikia Salahuddin kitabu cha silaha ambamo mlimokuwa na maelezo ya manjaniki, yaani mtambo wenye mkono mrefu na teo mwishoni mwake. Mtambo unaoelezwa hapa ni mdogo wa ukoo huo wa tatu, isipokuwa umeazima mpira kutoka kwa manati.

Kuunda mtambo

Zinahitajika: kijiko kimoja kirefu cha mezani, ubao wa urefu wa sentimeta 15 na upana wa sentimeta 10, nguzo mbili za mti za sentimeta 13 hivi, kipande cha mwanzi chenye tundu, spoki moja ya gurudumu la baiskeli, ukanda wa mpira, uzi wa katani na misumari michache.

Spoki ndiyo egemeo. Hupitishwa katika tundu la kipande cha mwanzi chenye urefu wa sentimeta 4, na ncha zake mbili hufungwa juu ya ubao karibu na ukingo wa mbele, kiasi kwamba mwanzi unazunguka bila kukwama. Mpini wa kijiko hufungwa kwa uzi juu ya mwanzi huo, ukielekea nyuma, ili kijiko kiweze kuinuka na kushuka kama mfuniko wa sanduku. Toka egemeo hadi katikati ya kikombe cha kijiko pawe na sentimeta 17. Kikombe kitatokeza nje ya ukingo wa nyuma wa ubao, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nguzo mbili hupigiliwa misumari, moja upande huu wa kijiko na nyingine upande ule, sentimeta 9 nyuma ya egemeo. Kisha kijiti kigumu hufungwa kutoka nguzo hadi nguzo, sentimeta 9 juu ya usawa wa egemeo. Kijiti hiki ni kizuio. Kijiko kikiinuka kitagonga kizuio na kusimama, na donge lililomo litaendelea na safari peke yake. Mwisho, ncha za ukanda wa mpira hufungwa katika nguzo mbili karibu na kizuio, na sehemu yake ya katikati hufungwa kwenye mpini mahali panapogusana na kizuio. Kijiko kikivutwa chini hadi kilale, mpira unavutika. Kikiachiwa, mpira unakirudisha juu.

Mahali pa kizuio si jambo la kubahatisha, na hapa ndipo waundaji wengi wa mara ya kwanza hukosea. Wao huweka kizuio ili mkono usimame wima kabisa, wakidhani kwamba mkono uliosimama wima hurusha juu. Sivyo. Kitu kilicho mwisho wa mkono unaozunguka huenda, kila nukta, katika mwelekeo unaofanya pembe mraba na mkono wenyewe. Mkono ukiwa wima, donge linaelekea mbele sawasawa na sakafu, na litaanguka karibu. Ili donge liondoke kwa pembe ya nyuzi 45, mkono lazima uzuiwe ukiwa bado umeegemea nyuma kwa nyuzi 45. Ndiyo maana vipimo vya kizuio ni sentimeta 9 nyuma na sentimeta 9 juu: pande mbili zilizo sawa za pembetatu yenye pembe mraba.

Donge na uzito wake

Shule nyingi hazina mizani ya gramu, lakini karatasi yenyewe ni mizani. Karatasi za kawaida za kupigia chapa, za ukubwa wa A4, huandikwa kwenye pakiti yake gramu 80, maana yake meta moja ya mraba ina gramu 80. Karatasi 16 za A4 hufanya meta moja ya mraba. Kwa hiyo karatasi moja ina gramu 5. Iloweshwe, ifinyangwe mpaka iwe donge la mviringo, ifungwe kwa uzi mwembamba na kuanikwa juani mpaka ikauke kabisa. Donge la karatasi mbili lina gramu 10, na la sehemu moja ya tano lina gramu 1.

Donge la karatasi, si kokoto. Katika jambo hili haifai kuwa na mjadala, na sababu yake yaweza kukokotolewa. Tuseme kijana anavuta manati halisi kwa sentimeta 30, na mwishoni mkono wake unahisi kani ya niutoni 60, sawa na kushika mzigo wa kilo 6 hivi. Kani ilianza katika sifuri ikaishia 60, kwa hiyo wastani wake ni 30, na kazi iliyofanyika ni niutoni 30 mara meta 0.3, yaani jouli 9. Tukisema nusu tu ya nishati hiyo inalifikia jiwe la gramu 10, jiwe litaondoka kwa mwendo wa meta 30 kwa sekunde. Hizo ni kilometa 108 kwa saa, mwendo wa basi lililovuka kiwango cha barabara kuu, na jiwe lenyewe ni dogo kuliko tundu la jicho katika fuvu. Mifupa inayolikinga jicho na ngumi au mpira wa miguu hailikingi na kokoto. Jicho likipigwa hivyo, damu yaweza kuvuja ndani yake, lenzi ikahama na retina ikachanika, hata kama kwa nje pana wekundu kidogo tu. Mtoto aliyepigwa jichoni asisuguliwe wala asitiwe dawa za nyumbani. Jicho lifunikwe bila kukandamizwa, naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kijiko chetu, kama itakavyoonekana, hulipa donge nishati ndogo kuliko hiyo mara 40 na zaidi. Hata hivyo wote wasimame nyuma au kando ya mtambo, na asiwepo wa kuchungulia kikombe kijiko kikiwa kimevutwa.

Chupa ya maji

Sasa mtambo upimwe kabla ya kurusha chochote. Uwekwe mezani, ukingo wa nyuma ukilingana na ukingo wa meza, na mwanafunzi mmoja aushikilie ubao usiinuke. Chupa tupu ya plastiki ifungwe kamba na kuning'inizwa katika kikombe cha kijiko. Maji yaongezwe kidogo kidogo, mililita 100 kila mara, na kila mara ipimwe kwa rula kijiko kimeshuka kiasi gani. Mililita moja ya maji ina gramu moja, na gramu 100 huvutwa na dunia kwa kani inayokaribia niutoni moja. Hivyo chupa imekuwa kipimakani bila gharama yoyote.

Kutoka kwenye kizuio mpaka kilale, kikombe kinashuka sentimeta 12. Kila mtambo utahitaji maji yake, kwa kuwa mipira hutofautiana. Tuseme mtambo mmoja umehitaji gramu 700, pamoja na uzito wa chupa. Kani ya mwisho ni niutoni 7 hivi. Wastani, ikiwa grafu imekaribia mstari mnyoofu, ni 3.5; na 3.5 mara meta 0.12 ni jouli 0.42. Tuziite jouli 0.4. Hicho ndicho kiasi cha nishati kilichohifadhiwa katika mpira kijiko kikiwa kimevutwa.

Grafu yenyewe mara nyingi haitakuwa mstari mnyoofu. Robert Hooke alitangaza mwaka 1678 kwamba kuongezeka kwa urefu wa springi hulingana na kani inayoivuta, na kwa springi ya chuma kanuni hiyo ni nzuri. Mpira ni mkaidi zaidi: huanza kwa ugumu, ukalegea katikati, kisha ukakaza tena unapokaribia kikomo chake. Ikiwa grafu imepinda, nishati si nusu ya kani ya mwisho mara umbali, bali ni eneo lililo chini ya mstari uliopinda. Mwanafunzi anaweza kulipata kwa kuhesabu miraba ya karatasi ya grafu. Hiyo ni hesabu ya eneo ambayo kwa mara moja ina maana.

Meta 16 na meta 4

Kwa nishati hiyo, kitabu kinatoa utabiri. Ikiwa jouli 0.4 zote zinaingia katika donge la gramu 5, mraba wa mwendo wake ni 160, na umbali kwa nyuzi 45 ni 160 kugawa kwa 9.8, yaani meta 16 na kidogo.

Mtambo uwekwe sakafuni au uwanjani. Donge lipakwe vumbi la chaki ili liache alama mahali linapogonga kwanza, si mahali linapoishia kubingirika. Lirushwe mara kumi bila kubadili chochote. Tuseme marusho matano ya kwanza yamefika meta 3.8, 4.1, 3.9, 4.3 na 4.0. Wastani ni meta 4.0. Kitabu kimeahidi 16.

Hapa lazima kusema wazi jambo ambalo kila mwalimu analijua. Mwanafunzi aliyezoea kupewa alama kwa jibu la kitabuni atatazama daftari lake, atamtazama jirani yake, kisha ataandika 15.7. Au ataivuta mipira miwili mitatu pamoja mpaka donge lifike mbali na kuyatupa marusho mengine. Mwalimu anayempa alama kamili huyo na kumkata yule aliyeandika 4.0 anafundisha kitu fulani, lakini si fizikia. Daftari lenye 4.0 ndilo lenye thamani, kwa sababu lina swali ndani yake: robo tatu ya nishati imekwenda wapi?

Kwanza ihakikishwe kwamba robo tatu kweli imepotea. Donge lililofika meta 4 kwa nyuzi 45 liliondoka na mraba wa mwendo wa 39; nusu ya tungamo lake, 0.0025, mara 39 ni jouli 0.1 hivi. Upo uhakiki mwingine usiotegemea hesabu hiyo: kwa pembe ya nyuzi 45, kilele cha safari ni robo ya umbali. Mwanafunzi akishika fimbo ya meta moja kando ya njia, nusu ya safari, donge linapaswa kupita karibu na ncha yake.

Jibu la swali linasikika. Kijiko kinapogonga kizuio kinatoa mlio mkali. Mlio huo ni wa kijiko ambacho kilikuwa na mwendo na sasa hakina. Mpira haukulisukuma donge peke yake. Ulikisukuma na kijiko, na kijiko ni kizito kuliko donge. Kijiko cha chuma cha gramu 45 hakihesabiwi chote, maana sehemu zilizo karibu na egemeo huenda polepole. Kwa mkono wenye unene sawa unaozunguka kwenye ncha yake moja, hesabu huonyesha kwamba theluthi moja ya tungamo huhesabiwa kama kwamba imewekwa mwishoni. Theluthi ya 45 ni 15. Basi mpira unazisukuma gramu 15 za kijiko pamoja na gramu 5 za donge, jumla 20, na donge linapata fungu lake: 5 katika 20, yaani robo. Kijiko si mkono wenye unene sawa, kwa hiyo ulinganifu huu usichukuliwe kuwa kamili. Lakini umefika karibu sana kwa hesabu isiyozidi mistari mitatu.

Nadharia nzuri hutabiri kitu kingine. Donge la gramu 10 litafika wapi? Jumla sasa ni gramu 25. Mraba wa mwendo ni 0.8 kugawa kwa 0.025, yaani 32. Umbali ni meta 3.3. Uzito umeongezwa maradufu, na umbali haukupungua hata kwa robo. Na donge la gramu 1? Jumla ni 16, mraba wa mwendo ni 50, umbali meta 5.1, na hapo hewa haijahesabiwa, nayo hulizuia donge jepesi zaidi ya zito. Watoto hustaajabu kuona kwamba donge dogo kama punje ya hindi halifiki mbali kuliko kubwa. Sababu ni kwamba kijiko kinakula karibu nishati yote, donge liwepo lisiwepo.

Basi dawa si kulipunguza donge bali kuupunguza mkono. Kijiko kiondolewe, na mahali pake ufungwe ufito wa mwanzi uliochongwa mwembamba, wenye kizibo cha soda mwishoni. Mkono kama huo waweza kuhesabika kwa gramu 5 tu pale mwishoni. Jumla ni 10, mraba wa mwendo ni 80, umbali meta 8.2. Mpira ni ule ule, na mkono wa mvutaji ni ule ule. Ukichongwa mwembamba kupita kiasi ufito utapinda na kuvunjika, na kila mwanafunzi atajua kikomo hicho kwa kukivuka. Mafundi wa manjaniki walilitatua jambo hili kwa njia ya werevu zaidi: walifunga teo mwishoni mwa mkono, na kwa kamba isiyo na uzito wa kutajika wakaurefusha mkono bila kuuongezea mzigo.

Pembe

Kwamba nyuzi 45 hufikisha mbali kuliko pembe nyingine ni jambo alilolidai Niccolò Tartaglia wa Italia mwaka 1537, kabla ya kuwapo hoja kamili. Hoja ilikamilika katika kitabu cha Galileo cha mwaka 1638, pamoja na tokeo moja la kushangaza: pembe mbili zinazojumlika kuwa 90, kama vile 30 na 60, hufika umbali ule ule.

Jambo hili hupimwa bila kugusa kizuio. Ubao una sentimeta 15. Ukingo wake wa mbele ukiinuliwa kwa kipande cha mti cha sentimeta 4, ubao mzima unainama nyuzi 15 hivi, na donge linaondoka kwa nyuzi 60. Ukiinuliwa ukingo wa nyuma, linaondoka kwa 30. Kwa mtambo wetu wa kijiko, umbali unaotarajiwa ni meta 3.5 kwa zote mbili, ingawa donge moja litapanda meta 1.5 na jingine nusu meta tu. Mwanafunzi makini atagundua kwamba donge la nyuzi 30 linashinda kidogo, nalo halina kosa. Donge huondoka sentimeta 15 hivi juu ya sakafu, na lile linaloshuka kwa mteremko mdogo huutumia urefu huo kuendelea mbele robo meta zaidi, ilhali lile linaloshuka kwa mteremko mkali halipati hata sentimeta 10.

Vipeuo vya tatu

Mtambo mdogo ukifanikiwa, swali la kawaida la wavulana ni hili: tukitaka kurusha kitu kizito mara nane, tufanye kila kitu kiwe kikubwa mara nane? Wagiriki waliuliza vivyo hivyo, na kwao lilikuwa swali la fedha za dola. Philon wa Byzantium aliandika kanuni ya mafundi: uzito wa jiwe, kwa vizio vya mina, uzidishwe kwa 100; kitafutwe kipeuo cha tatu; kiongezwe sehemu yake ya kumi; jibu ndilo kipenyo cha tundu linalopitisha kifungu cha kano, kwa vizio vya upana wa kidole. Jiwe la mina 10 hutoa 1,000, kipeuo chake ni 10, na tundu ni vidole 11. Vipimo vingine vyote vya mtambo vilifuata kipenyo hicho. Kwa kanuni hiyo, jiwe zito mara nane huhitaji vipimo maradufu tu, kwa kuwa mtambo uliorefushwa maradufu kila upande una ujazo mara nane, na nishati huhifadhiwa katika ujazo wa kano.

Kutafuta kipeuo cha tatu hakukuwa kazi nyepesi wakati huo. Eratosthenes, yule yule aliyekadiria mzingo wa dunia, alibuni kifaa cha kukitafutia, na miongoni mwa manufaa yake aliitaja mitambo ya kurushia.

Mpira unaopata joto

Mwenye mkono wa mwanzi alitabiriwa meta 8.2. Hatazipata zote. Sehemu ya upungufu ni ya hewa. Sehemu ni ya msuguano wa spoki. Lakini sehemu moja imo ndani ya mpira wenyewe, na chupa ya maji inaweza kuionyesha. Baada ya kujaza maji na kupima kushuka, mwanafunzi aanze kuyatoa, mililita 100 kila mara, akipima kupanda. Nukta za kurudi hazitaangukia juu ya zile za kwenda. Kwa uzito ule ule, mpira unaorudi huwa umebaki mrefu kidogo, na grafu mbili zinafanya umbo kama jani jembamba. Eneo la jani hilo ni nishati iliyowekwa na isiyorudishwa.

Jani la mpira wa tyubu huwa nene kuliko la mpira wa asili. Tyubu nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa mpira wa kiwandani uitwao butili, ambao umechaguliwa kwa kuwa hewa huupenya polepole sana. Lakini katika joto la kawaida butili ni mvivu wa kurudi, na hilo kwa mtambo wa kurushia ni hasara. Darasa likigawanywa, kundi moja likatumia ukanda wa tyubu na jingine rababendi za ofisini zilizounganishwa mpaka zikabeba maji yale yale, majani mawili yakilinganishwa yataeleza ni kundi lipi litakalorusha mbali, kabla halijarusha.

Nishati isiyorudishwa hugeuka joto, lakini joto la mpira lina ajabu nyingine isiyo ya hasara. Rabebendi pana iguswe kwenye mdomo wa juu, ambako ngozi ni nyepesi kuhisi, kisha ivutwe ghafla: inakuwa ya vuguvugu. Ikishikiliwa imevutika kwa nusu dakika na kuachiwa irudi, inakuwa ya baridi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mtu aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1805 alikuwa John Gough wa Kendal, Uingereza, ambaye alikuwa kipofu, na huenda ndiyo sababu aliuamini mdomo wake. Miaka zaidi ya 50 baadaye, Joule, ambaye jina lake ndilo kizio cha nishati, alilipima jambo hilo hilo kwa makini.

Maelezo yake ni kwamba molekuli za mpira ni nyuzi ndefu mno zilizojikunjakunja kila upande, zikitikisika daima kwa sababu ya joto. Kuuvuta mpira ni kuzinyoosha. Kinachourudisha si kwamba nyuzi hizo zimekaza kama waya wa springi, bali ni mtikisiko wenyewe, unaozirejesha katika hali ya kukunjamana kwa kuwa njia za kukunjamana ni nyingi kuliko za kunyooka. Na kama ni mtikisiko unaovuta, basi mpira ukipashwa joto lazima uvute zaidi, kinyume cha waya wa chuma ambao hurefuka.

Jaribio lake ni rahisi. Rabebendi mbili au tatu ndefu zining'inizwe kwenye msumari, chini yake chupa yenye maji ya kutosha kuzivuta mpaka ziwe ndefu mara mbili na zaidi. Rula isimamishwe ukutani na alama iwekwe mahali kilipo kitako cha chupa. Mpira upewe nusu saa utulie, kwa sababu hurefuka polepole mwanzoni. Kisha kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa kizungushiwe mpira kwa uangalifu, bila kuugusa kwa nguvu. Macho yote yawe kwenye kitako cha chupa: kitapanda.